Maji ya Kumwagia Pampu

Asubuhi lori letu halikuwa na tatizo lolote, na hilo ndilo lililotuponza. Ukiliwasha kabla ya jua kuchomoza liliitika kwa mguso wa kwanza, likatema moshi mweupe kidogo, likatulia. Mtu yeyote angelipenda. Sisi tulilipenda tukalinunua.

Ilikuwa miaka ile mashirika ya umma yanafungwa moja baada ya jingine, na karibu kila kilichokuwa cha serikali kinapigwa mnada. Mume wangu alikuwa fundi katika karakana ya shirika mojawapo pale Dodoma mjini. Mimi nilikuwa mpiga chapa katika ofisi nyingine, nasubiri zamu yangu ya kupunguzwa, na haikuchelewa. Shirika lake lilipokufa, yeye na kaka yake waliungana wakachukua lori la tani saba lililokuwa limesimama mwisho kabisa wa uwanja, limegusa ukuta, majani yameota mpaka kwenye rimu. Mlinzi aliyetufungulia lango alikuwa mzee mkimya wa Kigogo. Tulipokuwa tunatoka alimwambia mume wangu, "Mengine yote humu yameegeshwa. Hilo liliachwa."

"Nani aliliacha, mzee?"

Mzee akafunga lango.

Shemeji ndiye aliyekuwa dereva. Alikuwa mtu mrefu, mchangamfu, anaendesha huku kiwiko kiko nje ya dirisha, anawapungia mkono watu asiowajua. Mume wangu alikuwa kinyume chake. Maneno yake yalikuwa machache na yalihusu vyuma. Alikuwa na bisibisi ndefu ambayo ncha yake aliigusisha kwenye injini na mpini akauweka sikioni, kisha akafumba macho, akasikiliza. Alisema kila injini ina sauti yake na kila ugonjwa una wake. Nilipopunguzwa kazi nikawa mtu wa tatu ndani ya kabini: nilipatana bei na wakulima, nilisimamia mizani, nilipika njiani.

Biashara ilikuwa mahindi. Zamani kidogo ukikutwa njiani na magunia bila kibali ulilala ndani. Sasa vizuizi vilikuwa vimeondolewa, na kila mwenye gurudumu alikuwa barabarani. Tulichukua mzigo upande wa Kiteto, tukateremka nao kupitia Haneti, tukashusha sokoni Majengo, Dodoma mjini, mahali ambapo wanunuzi walikuwa wanagombea gunia kabla halijafika chini.

Safari za mwanzo zilikuwa za miezi ya baridi, upepo unapasua midomo. Lori lilikwenda bila neno. Septemba joto lilipoanza kupanda, ndipo lilipozima mara ya kwanza. Tulikuwa tunapanda kilima, mzigo umejaa. Halikukohoa wala halikutetemeka. Nguvu zilipungua taratibu, kama mtu anayesinzia huku anazungumza, kisha kukawa kimya. Shemeji akakanyaga breki, akalijaribu tena. Stata ilizunguka vizuri lakini moto haukushika. Mume wangu alishuka akaweka mawe nyuma ya magurudumu, akafungua boneti, akasimama anatazama. Nilisikia vyuma vikipoa: tik, tik, tik. Hakukuwa na sauti nyingine katika pori lile lote.

Nilipika uji. Tulipomaliza kunywa, shemeji akapanda kujaribu tu, na lori likawaka kana kwamba lilikuwa linatusubiri tushibe.

Ikawa hivyo. Likipata moto sana, kwenye kilima au kwenye mchanga, linazima. Likipoa, linawaka. Mume wangu alianza kulichunguza kama mtu anayemchunguza mwizi wa ndani ya nyumba. Kwanza alishuku rejeta, lakini maji yalikuwa yamejaa na mshale wa joto haukuwa umevuka mahali pake. Akashuku mfuniko wa tangi, kwamba hauruhusu hewa kuingia, kwa hiyo tangi linanyonya na dizeli haiji. Tukasafiri mfuniko umelegezwa, tumeufunika kwa kitambaa, likazima. Akabadilisha chujio. Akatoa hewa kwenye mipira yote ya kupitishia dizeli. Akaona bomba moja la dizeli limepita karibu na ekzosi, akalihamisha, akalizungushia gunia lililoloweshwa. Tukaenda vizuri kutwa nzima, shemeji akaimba mpaka sauti ikakauka. Kesho yake likazima mahali palepale, kwenye kilima kilekile, na mimi nikaanza kukitazama kilima kile kwa jicho baya.

"Ni kama linajua," nilimwambia mume wangu usiku huo nyumbani.

"Chuma hakijui kitu," alisema. Lakini aliamka mara mbili kwenda kulitazama uani.

Dawa niliigundua mimi, tena kwa bahati. Lilikuwa limezima tena, nami nimepanda juu ya bampa na dumu la maji, nasubiri mume wangu afungue rejeta. Kandambili ikateleza. Maji yakamwagika ubavuni mwa injini, juu ya pampu ya dizeli. Yakachemka, mvuke ukanipiga usoni, nikaruka chini nikipiga kelele. Shemeji aliyekuwa kabini hakuona lolote. Alijaribu stata kwa mazoea tu, na lori likawaka papo hapo.

Shemeji alishangilia. Mume wangu hakutabasamu. Aliisogelea pampu, akaitazama ikitoa mvuke, akatikisa kichwa.

"Basi ni pampu," alisema. "Imechakaa ndani. Ikipata moto inalegea, dizeli nayo inakuwa nyepesi, inavuja humohumo. Haifiki kwenye nozeli kwa nguvu."

"Tuibadilishe," nikasema.

"Ya lori hili haipo Dodoma. Labda Dar es Salaam. Na hata huko, labda."

"Maji yapo," shemeji akasema.

Kuanzia siku hiyo tulibeba madumu ya maji. Mume wangu alitengeneza na kitu cha kusaidia: dumu dogo lililofungwa juu, na mpira mwembamba unaodondosha maji tone kwa tone kwenye kitambaa alichoizungushia pampu. Kilifanya kazi. Madereva wengine Majengo walikuja kukitazama wakamsifu. Lakini mimi nilikuwa nimeanza kuona jambo ambalo sikuwa na maneno yake. Tulipokuwa hatujui ugonjwa, tuliogopa. Tuliondoka alfajiri, tulipumzika mchana, hatukujaza mzigo kupita kiasi. Sasa shemeji alikuwa anaondoka saa yoyote. Anapakia mpaka springi zinanyooka. Ukimwambia, anagonga dashibodi kwa kiganja na kusema, "Tunamjua huyu sasa, shemeji. Mgonjwa mwenye dawa si mgonjwa."

Mume wangu alimsikia akaendelea kujaza madumu. Alikuwa mdogo wake. Kwao mdogo hamkatalii kaka mbele ya mke.

Mvua zilikuwa zinakaribia. Joto lilikuwa lile la kabla ya mvua, linalowafanya hata kuku wasimame wameachama midomo. Tulikuwa tumetoka Kiteto tangu jana yake, tumelala Haneti, na tulikusudia kuondoka mapema, lakini tulikuta tairi la nyuma limekwisha upepo. Kulishusha, kuliziba na kulirudisha kulitufikisha jua la utosini. Nikasema tungoje jioni. Shemeji akasema jioni soko limelala.

Kwenye vilima lilizima mara mbili. Mpira wa kudondosha maji ulikuwa umeziba kwa vumbi, na mume wangu aliinama akauzibua kwa uzi wa waya, ukaziba tena. Tulimwaga madumu mawili. Nilipogeuka nyuma niliona mbingu upande wa milima imekuwa nyeusi, si wingu la kupita, bali weusi uliokaa chini kabisa, na umeme unawaka ndani yake bila sauti. Juu yetu kulikuwa na jua kali na hapakuwa na tone.

"Kule inanyesha," nikasema.

"Kule ni kule," shemeji akajibu.

Tulifika korongoni alasiri. Wanaoijua nchi ile wanayajua makorongo yake: karibu mwaka mzima ni barabara ya mchanga mweupe kati ya kingo mbili, watoto wanacheza humo, ng'ombe wanalala humo, wanawake wanachimba visima vya mchangani wanachota maji. Hili lilikuwa pana kama uwanja wa mpira. Magari yalipita humo kwa gia ya kwanza, kwenye njia iliyochimbwa na magurudumu.

"Simama hapa kwanza," mume wangu alisema. "Lipoe."

Nakumbuka nilimgeukia, maana sikuwa nimewahi kumsikia akimwamuru kaka yake.

"Nikipoteza mwendo hapa na mzigo huu, mchanga nitaupitaje?" shemeji akasema. "Dumu moja limebaki. Tunapita mara moja."

"Shemeji, tafadhali tusimame," nikasema.

Alikuwa ameshaingia.

Mchanga ulitupokea. Injini ilianza kulia kwa nguvu, magurudumu yanazama na kutoka, kabini imejaa harufu ya dizeli ya moto. Tulivuka nusu. Kisha nikaisikia ile sauti ya kusinzia, mguu wa shemeji umekanyaga mpaka mwisho na hakuna kinachoongezeka. Lori likasimama katikati kabisa ya korongo.

Mume wangu alikuwa ameshashuka. Alimwaga dumu lote la mwisho juu ya pampu. Likawaka, likavuta kidogo kama urefu wa mtu, likazima. Pampu ilikuwa na moto kuliko maji tuliyokuwa nayo.

"Maji mengine!" aliniambia. "Kisimani pale, kimbia!"

Nilichukua ndoo nikakimbia mchangani kuelekea upande wa juu. Kulikuwa na mwanamke mmoja kisimani, mtu wa makamo, shuka limefungwa begani. Alikuwa anaondoa ndoo yake ingawa haikufika hata nusu.

"Mbukwenyi, mama," nikamsalimu kwa Kigogo.

Aliitikia haraka, lakini hakunitazama mimi. Alikuwa anatazama kule mto unakokunja kona. Akanishika mkono.

"Unasikia harufu?"

Nikavuta pumzi. Ilikuwa harufu ya udongo uliolowa, nzito, na hapo tulipokuwa hakuna kilichokuwa kimelowa. Pamoja nayo kulikuja upepo wa baridi, ukitambaa chini chini juu ya mchanga ule uliokuwa unachoma nyayo.

"Toka," alisema. "Waambie na watu wako watoke. Gari waache." Akajitwika ndoo akaondoka, karibu anakimbia. Sijawahi kumwona mwanamke wa kule akikimbia na maji kichwani.

Nilipaswa kumfuata. Badala yake nilijaza ndoo. Mpaka leo sielewi mikono yangu ilikuwa inamtii nani. Nilichota kwa bakuli, maji yanajikusanya taratibu chini ya kisima, nachota tena, na ndoo ilipofika nusu nikarudi nayo mbio.

Nikiwa njiani ndipo ule mngurumo ulipoanza. Ulikuwa wa chini, mzito, unatoka mbali nyuma ya kona. Shemeji alikuwa amesimama kwenye ngazi ya kabini, akausikia, uso wote ukafunguka.

"Gari!" akapiga kelele. "Kuna lori linakuja! Watatuvuta!"

Hata mimi nilifurahi. Nakiri moyo wangu uliruka kwa furaha. Ulikuwa mngurumo kamili wa lori kubwa lililo kwenye gia ya kwanza, na nilikuwa tayari nawaza kama wana mnyororo.

Mume wangu alikuwa ameinama ndani ya boneti. Aliinua kichwa. Akakiinamisha upande, macho yamefumba, vilevile kama anavyofanya akiwa na bisibisi sikioni. Muda ule niliuona mrefu sana.

"Kaka," alisema kwa sauti ndogo. "Hiyo si injini."

Kisha akapiga kelele. "Shuka! Shuka!"

Shemeji hakushuka. Alirudi ndani, nikasikia stata ikizunguka, ikizunguka, na betri ikianza kuchoka. Mume wangu alininyang'anya ndoo, nikadhani ataitupa, lakini aliimwaga yote juu ya pampu, na mvuke ukapanda, na lori likakohoa mara moja. Mara moja tu. Halafu akaitupa ndoo, akapanda kwenye ngazi, akamshika kaka yake ukosi wa shati akamvuta nje kama gunia. Walianguka wote wawili mchangani. Shemeji alikuwa anasema, "Lilikuwa linashika! Lilikuwa linashika!"

Tukakimbia. Kukimbia mchangani ni kama kukimbia ndotoni. Niligeuka mara moja tu nikayaona maji yanatokeza kwenye kona. Hayakuwa na sura ya maji. Ulikuwa ukuta wa kahawia unaotembea, mbele yake povu, matawi, samadi, na mti mzima unaobingirika kama kijiti. Yule mwanamke alikuwa ukingoni. Hakuwa amekwenda nyumbani. Alilala kifudifudi akanipa mikono yote miwili akanivuta juu, kisha tukawavuta wale wengine. Maji yalimpata shemeji magotini. Yangempata kiunoni, pengine nisingeandika haya kama ninavyoyaandika.

Lori lilisimama kwa muda. Maji yaligawanyika mbele yake, yakapanda kwenye magurudumu, yakafika kwenye boneti, na yalipoingia ndani mvuke mkubwa ulitoka ukatawanyika. Shemeji alikuwa amekaa chini, miguu imenyooka kama mtoto.

"Sasa limepata maji ya kutosha," akasema. Akacheka. Kicheko kile kiliendelea mpaka kikageuka, na mume wangu akaenda akakaa karibu naye bila kumgusa.

Mti ule ulilipiga lori ubavuni. Liliinama polepole sana, kama kwa heshima, likalala. Magunia yakaanza kutoka moja moja. Yalielea kidogo, yakazama.

Usiku huo tulilala kwa yule mwanamke, watatu ndani ya tembe lake, nyumba ya udongo yenye paa bapa, na maji yalinguruma mpaka karibu na alfajiri. Alitupa uji wa uwele, akamwekea shemeji moto karibu, maana alikuwa anatetemeka ingawa joto lilikuwa bado kali. Asubuhi korongo lilikuwa na vijito viwili vitatu tu vyembamba. Tulilikuta lori mbali kidogo, limelala, kabini imejaa mchanga mpaka kwenye usukani. Shemeji alilitazama kutoka ukingoni, hakuteremka. Mume wangu aliteremka na spana zake.

Nilidhani anataka kuokoa betri au matairi. Alifungua pampu tu. Alifanya kazi ile kwa utulivu, akafukua mchanga kwa mikono, akalegeza nati moja baada ya nyingine, akaifunga pampu ndani ya shati lake, na tukarudi nayo mjini juu ya tela la trekta.

Nyumbani aliifungua barazani, juu ya sinia langu la kuchambulia mchele. Sikumuuliza. Nilikuwa na hasira naye ambayo sikuijua mwisho wake: hakuwa amesema neno kuhusu mahindi, wala kuhusu kaka yake, wala kuhusu mimi niliyekuwa naamka usiku nikishika godoro. Alisafisha vipande kwa mafuta ya taa. Kimojawapo kilikuwa chuma kidogo, cha mviringo, kama kidole cha mwisho. Akakiingiza kwenye tundu lake, kikaingia kwa kubana. Kisha akavitia vyote kwenye maji ya moto, akavitoa kwa kitambaa, akakiingiza tena. Safari hii kilianguka chenyewe mpaka chini.

"Umeona?" aliniambia.

"Nimeona. Sasa inatusaidia nini?"

"Nilitaka kujua."

Shemeji alikuja siku chache baadaye. Hakuwa amenyoa. Mume wangu alimpa kile chuma, na shemeji alikiweka kiganjani akakitazama muda mrefu.

"Ni hiki?"

"Hicho, kaka. Kimelika upande mmoja. Dizeli chafu."

"Kidogo hivi."

"Ndiyo."

"Ulijua siku ile? Uliposema nisimame?"

"Nilijua ni pampu. Mto sikuujua."

Shemeji akakirudisha juu ya sinia, taratibu. "Ungenipiga," akasema. "Ungenipiga ukachukua usukani. Nisingekuchukia." Mume wangu akainamisha kichwa. Chai niliyokuwa nimewawekea ilipoa pale, hakuna aliyeinywa. Mwezi uliofuata shemeji alihamia Zuzu, akapata shamba, akalima zabibu na mtama. Alikuja kwetu kwenye misiba na harusi, siku zote kwa treni au kwa miguu, na alikuwa mpole kwangu kupita kiasi, jambo ambalo liliniumiza zaidi kuliko kama angekuwa na kisirani.

Mume wangu aliajiriwa na mfanyabiashara mmoja wa Majengo kuyatunza magari yake, na kazi hiyo ilikuwa na safari. Msimu uliofuata, mawingu yalipoanza kukusanyika upande wa kaskazini, nilishindwa kula. Siku tatu nilizunguka na maneno mdomoni, nikipanga jinsi ya kumwomba: aache safari, akae na meza yake mjini, atengeneze pampu za watu. Nilijua atabisha. Alikuwa mtu wa malori tangu ujana. Nilijiandaa kulia, nilijiandaa hata kurudi kwetu.

Jioni moja nikaanza, "Baba, nilikuwa nafikiri kuhusu hizi safari…"

"Nimeshamwambia tajiri," alisema kabla sijafika mbali. "Siendi tena."

Alikuwa ananawa mikono kwenye beseni, amenipa mgongo, na niliona mabega yake yanashuka kama ya mtu aliyetua mzigo.

Nikamletea taulo.